Akiba Inayooza

Akiba haiozi, tuliambiwa.
Ya kwako inaoza, Nyamizi,
na isipooza hakuna chai.

Mimi ni Mgalula, fundi uashi wa Usoke.
Miaka kumi na minne nimejenga mabani ya tumbaku,
kuta nene, mlango mfupi, tanuri mdomo wazi,
na kila bani nililokabidhi
lilikula pori msimu kwa msimu:
mtundu, muyombo, hata mninga mchanga
usiofika bado unene wa paja.
Jani likaiva njano, mnunuzi akapanga madaraja,
moshi ukapanda bila kupita mizani.
Hakuna aliyeuandikia risiti.

Sasa nachimba kwenda chini.
Shimo la duara, kimo cha watu wawili,
nyuma ya zizi la Nyamizi binti Kasanda,
mwenye ng'ombe watano na ulimi wa sindano.
"Fundi, unanijengea choo au kaburi?"
Kibuyu, nikamwambia. Kibuyu cha matofali
kilichofukiwa mpaka shingo,
kishike pumzi ya samadi
isiponyoke ikaenda juu kuchemsha dunia bure;
ije jikoni, ichemshe maharage.
Bwana mifugo aliiita methani.
Nyamizi anaiita "ile".

Naijua aibu yangu:
matofali haya yamechomwa kwa miyombo ileile.
Sina mengine.

Kupiga plasta ndani ya kuba ni kazi ya mwenye majuto.
Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha niru,
kidole kikitafuta ufa
kama ulimi unavyotafuta jino bovu.
Maji yakivuja hukusuta, ukuta ukalowa.
Gesi huondoka kama mgeni asiyeaga,
unajua kakuacha
pale sufuria inapopoa.

Tukalilisha: ndoo ya mavi, ndoo ya maji,
koroga, mimina.
Siku ya tisa, kimya.
Siku ya kumi na tano wajukuu wakanicheka waziwazi.
Siku ya ishirini na moja Nyamizi akatega sikio kwenye bomba.
"Linacheua," akasema,
na akaenda kuosha birika.

Lakini akiba yake nyingine ndiyo ilileta maneno.
Mabua ya mahindi, maganda ya karanga,
aliyachoma ndani ya pipa lenye mfuniko,
hewa kaibana, moto kaunyima ushindi,
ikatoka si jivu, ni mkaa mwepesi.
Akautwanga. Akauloweka kwa tope la mtamboni.
Akaufukia shambani, tuta kwa tuta,
usiku, maana mchana ana ng'ombe.

Jirani yake Shikalanga akakimbilia kwa mtendaji:
"Mwanamke yule anazika mkaa!
Nani mwenye akili zake huzika mkaa,
na gunia barabarani linauzwa bei ile?"

Mtendaji akaja na daftari.
Nyamizi akafukua kidogo kwa kidole cha mguu.
"Huu," akasema, "ni moshi.
Nimeukataza safari."
Mtendaji akaandika. Akakata.
Akaandika tena: mbolea.

Mahindi yale mwaka huu sikuyapima,
ila Shikalanga kaja kuazima pipa,
kapitia nyuma, jua limezama.

Nami nina langu.
Pale bomba linapoungana na valvu
nikipaka povu la sabuni ya mche
kuna tone moja huvimba,
taratibu, kama jicho la mtoto anayeamka,
likapasuka. Nimekaza. Nimezungusha uzi.
Nahesabu mapigo saba ya moyo, linavimba tena.
"Liache," ananiambia Nyamizi, "hata kibuyu hutoa jasho."

Labda.
Ila mabani yangu kumi na saba bado yamesimama,
na kila nikipita Usoke
nina kipande cha sabuni mfukoni.